Rolf Sievert

Rolf Maximilian Sievert (Stockholm, 6 Mei 1896 – 3 Oktoba 1966) alikuwa mwanafizikia kutoka nchini Uswidi. Anajulikana kwa kazi yake ya kupima mionzi inayoingia mwilini na kuwakinga watu dhidi ya madhara yake.

Maisha

Baba yake alikuwa mwenye kiwanda cha nyaya aliyehamia kutoka Ujerumani. Urithi wake ulimwezesha Sievert kuanza utafiti bila mshahara katika Radiumhemmet, hospitali ya saratani mjini Stockholm.

Siku hizo madaktari wengi walikadiria kipimo cha mionzi kwa kuangalia jinsi ngozi ilivyogeuka nyekundu. Mgonjwa aliweza kuungua, au kupata mionzi michache isiyotosha kuua saratani. Wahudumu wenyewe waliumia. Baadhi walipoteza vidole. Sievert alitengeneza kifaa kidogo chenye chaji ya umeme ambacho hupungukiwa na chaji kadiri mionzi inavyokipitia. Alipima pia mionzi ya asili ya miamba na nyumba.

Mwaka 1941 alikuwa profesa. Aliongoza Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi miaka 1956–1962.

Kizio cha sieverti

Bekereli (Bq) huhesabu atomi zinazovunjika katika sekunde moja. Grei (Gy) hupima nishati inayofyonzwa na kilogramu moja ya mwili. Sieverti (Sv), iliyokubaliwa mwaka 1979, huzingatia pia ukali wa mionzi: grei 1 ya eksirei huhesabiwa kuwa sieverti 1, lakini grei 1 ya mionzi ya alfa ni sieverti 20.

Matumizi nchini Tanzania

Kwa wastani binadamu hupata takriban milisieverti 2.4 za mionzi ya asili kwa mwaka. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Iringa takriban 1,500, hivyo wakazi wake hupata mionzi ya anga-nje mingi kidogo kuliko wa Dar es Salaam. Tofauti hiyo haina hatari.

Wahudumu wa eksirei hospitalini huhitaji uangalizi zaidi. Huvaa dosimeta kifuani, nayo husomwa kila baada ya muda, kwa kuwa mionzi haionekani wala haisikiki. Kiwango cha juu cha kimataifa kwao ni wastani wa milisieverti 20 kwa mwaka. Nchini kazi hiyo husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003.