Charles wa Kwanza: Mfalme aliyelidharau Bunge akapoteza kichwa

Charles wa Kwanza alizaliwa Dunfermline, Scotland, mnamo Novemba 19, 1600. Hakutarajiwa kurithi ufalme, lakini kakake mkubwa, Henry, alifariki mnamo 1612. Charles akatwaa kiti cha Uingereza mnamo 1625.

Aliamini kuwa mfalme huwajibika kwa Mungu pekee. Wabunge nao walishikilia kwamba raia hatozwi kodi bila idhini yao. Mnamo 1629 alilivunja Bunge, akatawala peke yake kwa miaka 11. Ili kujaza hazina, ushuru wa merikebu uliotozwa miji ya pwani aliupanua hadi bara.

Vita dhidi ya Waskoti vilipomkaushia fedha, alilazimika kuliita Bunge mnamo 1640. Januari 4, 1642, aliingia ukumbini na askari kuwakamata wabunge watano, akapata wametoroka. Spika William Lenthall alikataa kufichua waliko. Miezi michache baadaye, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka.

Jeshi lake lilishindwa vibaya Naseby mnamo 1645. Alishtakiwa kwa uhaini, akakatwa kichwa jijini London Januari 30, 1649.

Ufalme ulirejeshwa mnamo 1660, lakini haukuwa ule wa awali. Sheria ya 1689 ilimnyima mfalme uwezo wa kutoza kodi au kusimamisha sheria bila Bunge. Hadi leo, mfalme hufungulia kikao cha Bunge katika ukumbi wa Malodi. Wabunge huitwa wamfuate huko.