Laurean Rugambwa

Laurean Rugambwa (Bukongo, Kagera, 12 Julai 1912 – Dar es Salaam, 8 Desemba 1997) alikuwa askofu wa Kanisa Katoliki nchini Tanzania na Mwafrika mweusi wa kwanza kufanywa kardinali katika nyakati za kisasa. Asichanganywe na Protase Rugambwa, askofu mkuu wa Tabora, aliyepata ukardinali mwaka 2023.

Maisha

Alizaliwa katika ukoo wa kitawala wa Wahaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria. Ukristo hakuukuta nyumbani: alibatizwa mwaka 1921, akiwa na umri wa miaka minane, pamoja na wazazi wake. Alisoma katika seminari ya Rubya, halafu Katigondo nchini Uganda, akapata upadrisho mwaka 1943. Baada ya kusomea sheria za Kanisa mjini Roma, aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1952. Eneo lake likawa Jimbo la Rutabo mwaka uliofuata.

Tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane XXIII alimfanya kardinali. Rugambwa alikuwa na miaka 47, na Tanganyika ilikuwa bado chini ya Waingereza. Hivyo mtu ambaye nchi yake haikuwa na uhuru aliingia kati ya wachache wanaomchagua Papa. Alifanya hivyo mara tatu: mwaka 1963, na mara mbili mwaka 1978.

Mtaguso wa pili wa Vatikano

Pengine mchango wake mkubwa ulikuwa katika Mtaguso huo (1962-1965). Maaskofu wa Afrika, wengi wao wakiwa bado wamisionari Wazungu, waliunda sekretarieti moja ili wasisemee kila mmoja lake. Rugambwa aliiongoza, na katibu wa upande wa wanaotumia Kiingereza alikuwa Joseph Blomjous, Mholanzi, askofu wa Mwanza. Wote wawili walitoka mwambao wa ziwa lilelile. Mtaguso uliruhusu lugha za wenyeji katika liturujia, na Misa iliyokuwa ya Kilatini ikaanza kuadhimishwa kwa Kiswahili. Mwaka 1965 Blomjous alijiuzulu, na nafasi yake ikachukuliwa na Mwafrika, Renatus Butibubage.

Dar es Salaam

Mwisho wa mwaka 1968 Rugambwa alihamishwa kutoka Bukoba na kuwa askofu mkuu wa Dar es Salaam. Muda mfupi baadaye serikali ilitaifisha shule za misheni. Alistaafu mwaka 1992, akafuatwa na Polycarp Pengo.

Alizikwa Kashozi, mwaka 2012 masalia yake yalihamishiwa katika kanisa kuu la Bukoba.