William Sheppard, mchungaji aliyehesabu mikono

Leo tunakumbuka mtumishi ambaye historia yake iko nusu Marekani, nusu Kongo.

William Henry Sheppard alizaliwa mwaka wa 1865 katika mji wa Waynesboro, jimbo la Virginia, mwaka ule ule utumwa ulipofutwa Marekani. Alisoma Hampton, shule iliyofunguliwa kwa ajili ya Weusi waliotoka utumwani, kisha akasomea uchungaji. Mwaka wa 1890 kanisa la Presbyterian lilimtuma Kongo pamoja na Mzungu kijana, Samuel Lapsley. Mwaka wa 1891 walifungua misioni ya Luebo, katika Kasai. Mwaka uliofuata Lapsley akafa kwa homa. Sheppard alibaki, akajifunza lugha, akafika hadi makao ya mfalme wa Bakuba, ambako wageni walikatazwa. Alipenda sana kazi ya mikono yao, akakusanya vitambaa vya raffia, vikombe vya mbao na visu.

Mwaka wa 1899 habari za mauaji zilifika Luebo. Wapiganaji waliokusanya kodi kwa ajili ya serikali ya Mfalme Leopold walikuwa wanachoma vijiji. Sheppard akatumwa kwenda kuona. Aliogopa, lakini alienda. Katika kambi yao alikuta mikono ya kuume iliyokatwa, ikikaushwa juu ya moto. Aliihesabu: 81. Akaandika. Hesabu ile ilifika Ulaya na Marekani, na watu wa huko wakaanza kusikia kilio cha Kongo.

Mwaka wa 1908 aliandika tena, juu ya mateso ya Bakuba kwa sababu ya kauchu. Kampuni ya kauchu ikamshitaki. Mwaka wa 1909 alisimama mbele ya mahakama ya Léopoldville, Kinshasa ya leo, naye akaachiliwa bila hatia.

Hakuwa mtu asiye na doa. Aliporudi Marekani mwaka wa 1910 alikiri uzinzi, na kanisa likamsimamisha kwa muda. Baadaye alichunga kanisa mjini Louisville, Kentucky, akafariki mwaka wa 1927.

Leo anayetafuta historia ya Hampton anakutana na Kongo: vitu vile vya Bakuba vinatunzwa katika makumbusho ya shule hiyo.

Na sisi? Sisi wa Fizi tuna Makobola, na tuna makaburi mengine yasiyo na majina. Wazee walioona wanatuacha mmoja mmoja, na kila tunapokimbia vita, vitabu vya kanisa vinabaki nyuma. Tunaomba kila kanisa liwe na daftari la kumbukumbu. Tuandike jina, kijiji na mwaka, bila chuki na bila kuongeza neno. Nakala moja itunzwe mahali pengine, mbali na kijiji.

Mungu anawajua wapendwa wetu wote. Wajukuu wetu watawajuaje, tusipoandika?

Bwana awabariki.