Marehemu Gregory Maloba, Mchongaji

Ndugu wahitimu wenzangu, nanyi wanafunzi mnaokalia madawati yetu ya zamani,

Nimeombwa niandike juu ya mtu mashuhuri. Nimemchagua marehemu Gregory Maloba.

Alizaliwa mwaka 1922 pande za Mumias, magharibi ya Kenya, si mbali sana na ziwa letu. Akiwa kijana alifika Makerere kwa Bibi Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanza kufundisha sanaa barazani kwake mwishoni mwa miaka ya 1930. Mwaka 1941 Maloba alichonga sanamu ya mti akaiita Kifo. Kijana wa miaka 19 hivi! Baadaye akawa mwalimu hapo hapo, pamoja na Sam Ntiro wa Machame, hadi katikati ya miaka ya 1960 alipohamia Chuo Kikuu cha Nairobi.

Kazi yake ijulikanayo zaidi ni sanamu ya Uhuru wa Uganda ya mwaka 1962, katikati ya Kampala. Ni ya saruji, kama mita 6 kwenda juu: mtu mzima aliyeviringishwa vifungo mwilini, amemwinua mtoto juu kabisa.

Nilisimama chini yake nikiwa safarini kikazi. Wapita njia hawakuitazama. Mimi nilikumbuka Kigongo, mimi na mdogo wangu tukifinyanga ng'ombe wa udongo kando ya ziwa. Yeye hakukosa kumfinyanga mchungaji, akisema ndiye yeye. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi hakuna ng'ombe wala mchungaji. Alifariki akiwa darasa la nne, na picha yake hatuna. Mama alikuwa mfinyanzi, akichoma vyungu hatua chache tu kutoka pale. Hatukufikiri kumpa vya kwetu achome.

Maana udongo uliochomwa hudumu. Mwaka 1929, huko Luzira, ng'ambo ya ziwa hili hili, vilichimbuliwa vipande vya sanamu ya mtu ya udongo wa kuchoma, ya kale sana. Viko London, na jina la aliyeifinyanga limepotea. La Maloba, aliyefariki mwaka 2007, tunalo.

Likizo iliyopita nilichimba ndoo moja ya udongo, karibu na daraja lililofunguliwa mwaka 2025. Wanangu wamefinyanga ng'ombe watatu na mchungaji mmoja. Ng'ombe mmoja alipasuka motoni. Mchungaji yuko dirishani.