Gandhi, avoka kijana kati ya inchi mbili

Sisi watu wa Butembo na Beni tunajua mupaka. Ukishavuka Kasindi kuingia Uganda, sheria inageuka. Njo sababu leo tunaleta maisha ya Mohandas Gandhi. Wengi tunamujua kama muzee wa shuka nyeupe kule India, lakini mbele ya hapo alikuwa avoka kijana, na kazi aliijifunzia huku Afrika.

Alizaliwa Porbandar mwaka wa 1869, akasomea sheria London, akawa avoka mwaka wa 1891. Kwao kazi ilimushinda: mu tribinali ya Bombay alisimama, maneno yakakataa kutoka. Mwaka wa 1893 kampuni ya Dada Abdulla, tajiri wa Durban, ikamuita kusaidia kesi. Meli ikapita Lamu, Mombasa na Zanzibar.

Durban ilikuwa Natal, koloni ya Waingereza. Kesi ilikuwa Pretoria, Transvaal, jamhuri ya Makaburu. Inchi jirani, sheria mbili. Mu njia, pale Pietermaritzburg, walimutoa mu treni juu ya rangi yake, hata tiketi ya klasi ya kwanza alikuwa nayo. Kesi ilikuwa ya pauni 40,000 kati ya watu wa jamaa moja. Gandhi aliona maavoka watakula mali ya pande zote mbili, akawasukuma wakubali mupatanishi. Dada Abdulla alishinda, naye Gandhi akamubembeleza apokee malipo kidogo kidogo, mwenzake asifilisike.

Mwaka wa 1894 aliandikwa avoka wa tribinali kubwa ya Natal, ingawa chama cha maavoka kilipinga. Kisha Balasundaram, Muhindi wa kazi ya mukataba, akamufikia meno yamevunjwa na bosi wake. Gandhi alimutuma kwanza kwa daktari, akapata karatasi ya kuonyesha kidonda, kisha akaenda naye kwa hakimu. Balasundaram akapata bosi mwingine. Sisi wa sindika ya wachimbaji tunaijua hiyo: pigo bila karatasi ya daktari ni hadithi tu.

Mwaka wa 1903 alifungua ofisi upande wa pili, Johannesburg, muji wa zahabu. Mwaka wa 1913, akiwa ameshaacha uavoka, wachimbaji wa makaa ya mawe wa Newcastle waligoma juu ya kodi ya pauni 3 kwa mwaka, iliyowekewa Muhindi aliyemaliza mukataba. Watu zaidi ya 2,000 walivuka naye mupaka wa Transvaal kwa miguu, bila ruhusa. Wakafungwa, naye pia. Mwaka wa 1914 kodi ikafutwa.

Hatumufanyi malaika. Miaka ile alipigania Wahindi. Waafrika waliochimba mu mashimo ya Johannesburg hakuwaingiza mu vita yake, na mambo mengine aliyoandika juu yao yanauma mpaka leo.

Aliuawa Delhi mwaka wa 1948, na sehemu ya majivu yake ikamwagwa mu Nile kule Jinja, Uganda.

Wachimbaji na wachuuzi wetu wanavuka Kasindi kila siku, na sheria ya Uganda haiko sawa na yetu. Ninyi vijana munaosoma sheria hapa Graben, jifunzeni ya pande zote mbili. Na siku mutu wa mugodi atawafikia meno yamevunjika, musianze kumuuliza pesa.