Mbaraka Mwinshehe: Nyota ya Morogoro iliyozimikia Mombasa

UKITAJA mkoa wa Morogoro mbele ya wapenzi wa muziki wa dansi, jina linalofuata aghalabu ni la Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Kwa wakazi wa Ifakara na Bonde la Kilombero, ambao mkoa wao ni huohuo, mpiga gitaa na mtunzi huyo ni mwana wa nyumbani, ingawa mauti yalimkuta ugenini.

Mbaraka alizaliwa Juni 27, 1944, Mzenga, wilayani Kisarawe, na kukulia Morogoro. Mji huo mdogo chini ya milima ya Uluguru ulikuwa tayari umegawanyika kwa ajili ya muziki. Upande mmoja ilikuwapo Morogoro Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1944, mwaka uleule aliozaliwa. Upande wa pili ilikuwapo Cuban Marimba ya Salum Abdallah, iliyoanza mwaka 1948 kwa jina la La Paloma, ikifuata mahadhi ya Cuba yaliyoingia nchini kwa sahani za santuri.

Mwaka 1965 ulibadili mizani hiyo. Novemba mwaka huo Salum Abdallah alifariki dunia kwa ajali ya gari, na uongozi wa Cuban Marimba ukamwangukia Juma Kilaza. Katika mwaka huohuo kijana Mbaraka alijiunga na Morogoro Jazz. Haukupita muda mrefu gitaa lake la solo, sauti yake na tungo zake vikawa ndivyo vinavyoitambulisha bendi hiyo, iliyopiga kwa mtindo wa Sululu.

Zama hizo Bonde la Kilombero lilikuwa likijaa watu wa mishahara. Kiwanda cha sukari kilikuwa kimeanza kazi mapema katika miaka ya 1960, bwawa la umeme la Kidatu likajengwa na kukamilika mwaka 1975, na reli ya TAZARA ikapenya bondeni kupitia Mang'ula, Ifakara na Mlimba kabla ya kukabidhiwa rasmi mwaka 1976. Barabara kutoka Mikumi ilikuwa ya taabu, hasa nyakati za mvua. Lakini mawimbi ya Radio Tanzania Dar es Salaam hayakungoja kivuko wala tope kukauka. Kwa redio ya betri, mkata miwa na mlima mpunga waliweza kuzisikia nyimbo zilezile zilizosikika katika kumbi za Dar es Salaam.

Walichokisikia hakikuwa mapenzi peke yake. Mbaraka aliimba juu ya fedha, masimango, dhiki na mambo ya nchi. Dk. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa Ismani siku ya Krismasi mwaka 1971 katika mzozo wa kilimo cha ujamaa, mwanamuziki huyo alimtungia wimbo wa maombolezo. Kabla ya hapo, mwaka 1970, alikuwa katika msafara uliokwenda Japan kwenye maonyesho ya dunia mjini Osaka, safari aliyoikumbuka kwa wimbo wa Expo 70.

Mwaka 1973 aliiacha bendi iliyomkuza na kuunda yake, Orchestra Super Volcano. Uamuzi huo ulikuwa mzito. Bendi nyingi za wakati huo zilikuwa chini ya vyama, jumuiya au mashirika ya umma, yaliyomiliki vyombo na kulipa mishahara. Kiongozi aliyejitegemea alilazimika kutafuta magitaa, usafiri na posho ya wenzake kwa jasho lake mwenyewe. Mtindo wa bendi hiyo mpya uliitwa Masika, jina ambalo mtu wa Ifakara hahitaji kufafanuliwa, kwani ndio msimu ambao Mto Kilombero huvunja kingo zake.

Tatizo kubwa lilikuwa santuri. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzitengeneza. Radio Tanzania ilirekodi nyimbo kwa ajili ya matangazo, lakini aliyetaka kuuza muziki wake alielekea Nairobi, kwenye makampuni ya huko. Hivyo ndivyo Mbaraka alivyokuwa mashuhuri Kenya karibu sawa na nyumbani. Hata baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika na mpaka kufungwa mwaka 1977, soko lake lilibaki ng'ambo ya mpaka huo.

Huko ndiko alikokuwa, akifanya maonyesho, alipopata ajali ya gari mjini Mombasa na kufariki dunia Januari 12, 1979. Alikuwa na umri wa miaka 34, na alikuwa ameongoza bendi yake kwa miaka isiyozidi sita. Kama Salum Abdallah kabla yake, barabara ndiyo iliyomchukua. Super Volcano haikurejea katika kimo ilichokuwa nacho.

Nyimbo zake, hata hivyo, ziliendelea kwenda sokoni. Wimbo wa Shida ulikuwa miongoni mwa santuri zilizonunuliwa kwa wingi Kenya, na mfululizo wa albamu za Ukumbusho ukakusanya kazi zake kwa ajili ya wasikilizaji ambao hawakuwahi kumwona jukwaani.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, iliyoweka msingi wa chama cha kukusanya mirabaha ya wasanii nchini, COSOTA, ilipitishwa mwaka 1999, miaka 20 baada ya kifo chake. Katika umri wake wote wa usanii, chombo cha namna hiyo hakikuwapo. Sauti ya Mbaraka bado husikika katika vipindi vya zilipendwa, ikiwafikia hata vijana wa bonde waliozaliwa muda mrefu baada ya gitaa hilo kunyamaza.