Ludwig Krapf: Aliyezika mke na mabinti wawili, lakini hakuiacha Pwani

HISTORIA ya Ukristo wa zama hizi katika mwambao wa Kenya huelezwa na wengi kuwa ilianzia Rabai, kwenye vilima vya Kaunti ya Kilifi, linakosimama kanisa la Mtakatifu Paulo na jumba la makumbusho. Ukweli ni kwamba kabla ya Rabai kulikuwa na kaburi.

Kaburi hilo lilichimbwa Julai 1844 upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mahali panapojulikana leo kama Nyali. Ndani yake alizikwa Rosine, mke wa mmisionari Johann Ludwig Krapf, pamoja na mtoto wao mchanga wa kike.

Krapf alizaliwa Januari 11, 1810 katika kijiji cha Derendingen karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipata mafunzo ya umisionari mjini Basel, Uswisi, akasomea theolojia Tübingen, na mwaka 1837 akapelekwa Ethiopia na Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza, CMS.

Huko Ethiopia aliishi katika ufalme wa Shoa, akajifunza lugha na kuwasikia kwa mara ya kwanza Waoromo, ambao aliamini wangekuwa mlango wa kuipelekea Injili Afrika nzima. Ni tamaa hiyo ya kuwafikia Waoromo kwa njia ya kusini ndiyo iliyomleta hatimaye katika pwani ya Waswahili.

Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich wa Basel nchini Misri. Rosine hakuwa mgeni wa msiba. Mchumba wake wa kwanza, naye mmisionari, alikuwa amefariki akiwa safarini kwenda Ethiopia.

Maharusi hao walipojaribu kurejea Shoa, njia ilikuwa imefungwa. Wakiwa nyikani, si mbali na bandari ya Massawa, Rosine alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati. Mtoto huyo hakuishi. Wazazi wake walimpa jina la Eneba, ambalo katika lugha ya Kiamhari maana yake ni chozi.

Jina hilo linaeleza mengi kuhusu imani ya Krapf. Alikuwa mtu aliyeuhesabu uhai wa duniani kuwa safari fupi kuelekea maisha yasiyo na mwisho, lakini hakuona haya kuiita huzuni kwa jina lake.

Kutoka Aden, Krapf na mkewe walipanda chombo kuelekea kusini, wakapitia Takaungu, katika eneo ambalo leo ni Kilifi. Walifika Unguja Januari 1844. Sultani Seyyid Said alimpokea vizuri na kumpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani, na baada ya miezi michache familia hiyo ikahamia Mombasa.

Juni 8 mwaka huo Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohedin. Ni jambo la kukumbukwa kwamba tafsiri hiyo ya kwanza ya Biblia kwa Kiswahili ilianza kwa ushirikiano wa mmisionari na msomi wa Kiislamu.

Kazi hiyo ilikuwa na umri wa majuma machache tu homa ilipoingia nyumbani. Rosine alijifungua mtoto wa kike Julai 6 huku akiwa mgonjwa, na Krapf mwenyewe alikuwa amelazwa na homa hiyo hiyo. Siku chache baadaye mama alifariki, na mtoto akamfuata.

Kabla ya kukata roho, Rosine aliomba azikwe bara, katika nchi ya Wamijikenda, ili kaburi lake liwakumbushe wapita njia sababu iliyomleta huko. Krapf, akiwa hoi kwa homa, alilitimiza ombi hilo.

Mtu mwingine angepanda chombo cha kwanza kurudi kwao. Krapf aliandika barua kwa wakuu wake London akiwaarifu kwamba sasa wanalo kaburi katika Afrika Mashariki, na kwamba kaburi hilo lilikuwa ishara kuwa kazi imeanza. Kwake, ushindi wa Kanisa ulipita juu ya makaburi ya watu wake.

Maneno ya namna hiyo yangeweza kutoka kwa mtu asiye na moyo. Lakini mwandishi wake alikuwa baba wa Eneba, na kumbukumbu alizoziacha zinaonyesha mtu aliyelia sana. Imani haikumwondolea uchungu. Ilimzuia tu asiufanye uchungu kuwa neno la mwisho.

Mwaka 1846 alifika mwenzake, Johannes Rebmann, naye Mjerumani. Wazee wa Rabai waliwakubali, na Agosti mwaka huo wawili hao, wote wakiwa wanauguzwa na homa, walipanda kilimani kuanzisha kituo chao.

Mavuno yalikuwa haba mno. Mwongofu wao wa kwanza alikuwa Mringe, mlemavu maskini, aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Kwa hesabu za dunia hiyo ilikuwa hasara, maana kanisa lilipata muumini na kumzika karibu wakati huo huo. Kwa Krapf, mtu mmoja aliyeingia katika uzima wa milele alikuwa sababu tosha ya miaka yote ya taabu.

Misiba haikukoma. Johannes Wagner aliwasili mwaka 1849 na kufariki muda mfupi baadaye, na Christian Pfefferle akafuata mwaka 1851. Mwaka huo huo Krapf alinusurika kifo karibu na mto Tana, pale mwenyeji wake, Kivoi, kiongozi maarufu wa Wakamba, alipouawa na wanyang'anyi. Miaka miwili kabla ya hapo, Desemba 1849, alikuwa Mzungu wa kwanza kuripoti kuuona Mlima Kenya.

Mtazamo wake haukukosa upungufu. Krapf aliota mnyororo wa vituo vya misheni kutoka bahari hadi bahari, wakati Rebmann aliona heri kutulia Rabai na kujenga polepole. Mwenye kuitazama milele huweza kusahau udhaifu wa mwili, wake na wa wenzake. Hata hivyo, Krapf hakumtaka mtu yeyote alipe gharama ambayo yeye hakuwa ameilipa kwanza.

Afya mbovu ilimlazimu kuondoka mwaka 1853. Alirejea kwa muda mfupi mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo cha Ribe, kisha akaishi Korntal, Ujerumani. Huko alioa tena, na mwaka 1868 akafiwa na mke wa pili.

Rebmann alibaki. Mkewe, Emma, alifariki mwaka 1866, naye akapoteza uwezo wa kuona, lakini hakuondoka hadi mwaka 1875. Alifariki mwaka uliofuata huko Korntal, karibu na rafiki yake wa zamani.

Mbegu waliyoipanda ilichipua wakiwa wamekwisha kuondoka. Rabai ikawa kimbilio la watumwa waliotoroka mabwana zao. Kaskazini zaidi, katika nchi ya Wagiriama, jumuiya ya Wakristo na watumwa watoro ilikua Fulladoyo, na mmoja wa viongozi wake, David Koi, aliuawa kwa ajili ya imani hiyo mwaka 1883.

Krapf hakuyaona hayo. Novemba 26, 1881, akiwa na umri wa miaka 71, alikutwa amefariki chumbani mwake, amepiga magoti kando ya kitanda katika hali ya kuomba. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili, aliyoanza kuikusanya katika miaka ya misiba, ilichapishwa London mwaka 1882.

Kaburi la Rosine lingali Nyali, na wapita njia wangali wakilisoma jina lake, kama alivyotaka.